Shokapu Alizozifunga Kaka

Ibaba,
14 Januari 2024

Kaka Lusubilo,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji Imelda na watoto mmeuanza mwaka salama. Huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya baridi, ila bado anapalilia viazi vyake mwenyewe na ukimsaidia anakasirika. Mke wangu Enesi anakusalimu sana. Shule zimefunguliwa, amepewa darasa la pili lenye watoto sabini na wawili, kwa hiyo jioni anarudi sauti imekauka.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huna nafasi ya kuongea. Nimepanda mara tatu kule juu kwenye mtandao, na mara zote umeniambia uko chini ya gari, utanipigia. Uledi anashuka kesho na Fuso ya viazi kuja Tunduma. Nimemwomba akupe karatasi hii mkononi.

Jambo lenyewe ni pikipiki. Tangu ulipozifungua shokapu za mbele mwezi wa kumi na mbili ukabadilisha sili na oili, haijatulia. Pale gerejini ulipoibonyeza ilishuka na kupanda vizuri, tukafurahi wote. Lakini huku kwenye mteremko wa kwenda shuleni, nikiingia kwenye shimo inazama kidogo halafu inagoma kama imekuta ukuta, mpaka mikono inakufa ganzi. Upande wa kulia nasikia chuma kinagonga chuma. Kabla hujaigusa ilikuwa inavuja tu, haikuwa inagonga. Sikulaumu kaka, nauliza. Kila asubuhi nampakia Enesi nyuma, na ile kona ya mtoni unaifahamu, ukikosea pale hakuna pa kujishikia.

Uliweka oili kiasi gani kila upande? Naomba unijibu hilo tu.

Mdogo wako,
Damiano


Tunduma,
2 Februari 2024

Mdogo wangu Damiano,

Marahaba. Barua yako nimeipata, Uledi alinikuta nimejaa grisi hadi kwenye nyusi. Sisi hatujambo. Imelda amefungua kibanda cha vitenge karibu na mpaka na wateja wa ng'ambo wanampenda. Kwangu kazi ni nyingi, hata madereva wa Zambia wakipita wananisalimia kwa kelele kwa lugha yao, “mulishani, fundi!” kabla hata sijawaona. Nimepaka upya kile kibao cha jina langu nje ya gereji. Ungekiona ungejua una kaka. Mpe Mama pole ya kikohozi, mwambie avae lile koti nililomtumia, asiliweke sandukuni kusubiri sikukuu.

Sasa wewe na pikipiki yako. Damiano, wewe Mungu alikupa mikono ya jembe, na sikucheki, jembe ndilo linatulisha. Lakini usinifundishe shokapu. Sili mpya siku zote zinabana. Mpira haujazoea chuma. Iendeshe wiki mbili, tatu, italainika yenyewe. Hicho unachosikia kinagonga ni mashimo yenu ya Ibaba, hata ndege ikitua huko italia.

Na jambo moja nakuambia kama kaka. Usimpe fundi mwingine aifungue. Siku nikisikia kuna mtu wa Mlowo anachokonoa kazi ya mkono wangu, huku anawaambia watu “hii alifunga nani?”, nitajua mdogo wangu amenivua nguo sokoni. Tuheshimiane.

Msalimie shemeji Enesi. Mwambie ashike vizuri.

Kaka yako,
Lusubilo


Ibaba,
11 Februari 2024

Kaka,

Shikamoo. Mama amevaa koti kwenda kanisani leo na amemwambia kila mtu limetoka kwako. Kikohozi kimepungua. Mvua haikatiki, viazi vya bondeni vimeanza kuoza, tunavuna tu vya juu.

Wiki tatu zako zimepita na zaidi, ukihesabu tangu mwezi wa kumi na mbili ni miezi miwili. Haijalainika. Sasa sili ya kushoto imeanza kutoa oili. Asubuhi nakuta imetiririka hadi chini kwenye diski ya breki, naifuta kwa kitambaa, nampakia Enesi, tunakwenda. Upande wa kulia mkavu kabisa, hata jasho hauna. Mimi ni mtu wa jembe kama ulivyosema, lakini hata mtu wa jembe anajiuliza kwa nini mguu mmoja umeshiba kiasi cha kutapika na mwingine hautoi kitu.

Enesi amesema tuipeleke Mlowo, kuna fundi anasifiwa na walimu wenzake. Nimemkatalia. Nimemwambia kazi ya kaka haipelekwi kwa mtu baki, tutasubiri jibu. Hakufurahi.

Nimekuuliza oili kiasi gani hukunijibu. Nakuuliza mara ya pili.

Damiano


Tunduma,
8 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imekaa kwa Uledi karibu wiki tatu kwa sababu Fuso ilikwama njia ya Isongole, kwa hiyo usidhani nimekupuuza. Huku hatujambo wote, ila Imelda ameumwa jino.

Nimekaa nikafikiri juu ya shida yako. Fanya hivi. Legeza nati ndogo zinazobana ekseli ya gurudumu la mbele chini kwenye miguu ya shokapu. Usiitoe ekseli, legeza tu. Halafu shika breki ya mbele, bonyeza usukani chini kwa nguvu mara sita, saba, miguu yote miwili ijipange yenyewe. Kisha kaza tena. Mara nyingi gurudumu likifungwa kabla shokapu hazijajipanga, mguu mmoja unabanwa na ndiyo maana inagoma. Juu kabisa kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa, ifungue kidogo uisikie inapumua, ifunge.

Kuhusu kuvuja, acha ivuje kidogo. Inajirekebisha. Ikishatoa inachotaka kutoa itatulia. Wewe futa tu.

Na mwambie shemeji kwamba ufundi haupimwi kwa maneno ya walimu wakinywa chai.

Lusubilo


Ibaba,
30 Machi 2024

Kaka Lusubilo,

Shikamoo. Kesho ni Pasaka na nyumbani hakuna aliyekumbuka hata kuloweka maharage. Mama yupo, hali chochote mpaka nimkaripie.

Bila shaka Uledi alikueleza, lakini uisikie kwangu. Barua yako iliingia Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Jumapili baada ya ibada nikalegeza nati kama ulivyosema, nikabonyeza mara saba, nikakaza. Nikatoa hewa. Jumatatu ilikuwa nafuu kidogo na nikakusifu mbele ya Enesi, namshukuru Mungu hakuna aliyerekodi. Jumanne tarehe kumi na tisa, kwenye mteremko wa mtoni, shokapu ikagota kwenye jiwe na ile sili ya kushoto ikafumuka kabisa. Oili nyingi ikamwagikia diski. Nikashika breki ya mbele, ikateleza tu kana kwamba haipo. Ya nyuma peke yake kwenye tope lile haikutusaidia. Kona ikatushinda, tukaporomoka mpaka chini. Mimi niliruka, mwenzangu akabaki chini ya pikipiki. Mguu wake umevunjika mahali pawili, chini ya goti na kwenye kifundo.

Hospitali wamemfunga plasta, wamesema miezi sita kama Mungu akijalia, na hata baada ya hapo hatatembea alivyokuwa anatembea. Kutoka hospitali hakurudi kwangu. Baba yake, Mzee Alinanuswe, amemchukua kwao Ikinga. Hakunifokea. Alisema tu kwamba mtoto atakaa kwao mpaka upande wetu uje useme kilichomvunja. Wanasikia maneno kwamba nilikuwa nimekunywa, au nilikuwa nakimbiza pikipiki kwa sifa.

Baba hayupo, kaka. Mdogo hawezi kwenda ukweni kujitetea kwa mdomo wake mwenyewe, unajua. Wa kunisemea ni wewe. Na wewe peke yako ndiye unayejua ulifunga nini ndani ya zile shokapu.

Kwa mara ya tatu, uliweka oili kiasi gani kila upande?

Damiano


Tunduma,
21 Aprili 2024

Damiano,

Nimeumia sana. Imelda analia mpaka leo. Pole wewe, pole shemeji, pole Mama. Nimetuma sukari na sabuni kwa Uledi.

Nitakuja. Nimemtumia salamu Mzee Alinanuswe kwamba Jumamosi tarehe kumi na moja mwezi wa tano tutafika. Mimi ndiye nitakayesema. Wewe utakaa kimya, mdogo haongei kaka yake akiwa amesimama. Hata wakikuchokoza, nyamaza.

Pikipiki iache hivyo hivyo ilivyo, usiiguse. Nitakuja kuifungua mwenyewe siku nyingine.

Lusubilo


Ibaba,
26 Mei 2024

Kaka Lusubilo,

Shikamoo. Naiandika hiyo shikamoo kwa sababu Mama amekaa hapa ananitazama.

Mama mzima. Viazi tumevuna. Habari za nyumbani zimeishia hapo.

Nimesubiri wiki mbili hasira ipungue ndipo nikuandikie na haikupungua. Nataka uyasome maneno yako yalivyo kwenye karatasi, maana kwenye simu, jioni ya siku ile ile ya ukweni, uliniambia “sikusema vile, wewe hukunielewa”. Nilikuelewa. Tulikuwa tumekaa sebuleni kwa wakwe zangu, Enesi mguu juu ya kigoda, na mzee akakuuliza kwa adabu kabisa:

“Tumekuita wewe kwa kuwa baba yenu hayupo. Tuambie bwana, mtoto wetu amevunjwa na nini?”

Ukavua kofia. Nikajua sasa inakuja. Ukasema, “Mzee, sitawaficha. Huyu mdogo wangu ana haraka tangu utoto wake. Mimi pikipiki niliitengeneza ikawa nzima, mashahidi wapo, lakini mwendo wake siwezi kuutengeneza. Tunaomba msamaha kwa ajili yake.”

Mzee akanigeukia. “Ni kweli, mkwe?”

Na mimi nikainamisha kichwa, kwa sababu uliniandikia ninyamaze, na kwa sababu wewe ni kaka. Enesi alinitazama muda mrefu. Alikuwa anangoja niseme hapana. Alikuwepo nyuma yangu siku ile, anajua tulikuwa tunakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Mimi nikaangalia mkeka. Wakasema wamesikia, na kwamba mtoto wao atabaki.

Niliporudi niliifungua pikipiki. Ndiyo, nimeigusa. Nilizitoa shokapu zote mbili, nikazimimina kila moja kwenye chupa yake ya maji. Ya kushoto, baada ya kuvuja wiki zote zile na kumwagikia mtoni, bado ilitoa zaidi ya nusu lita, safi, mpya. Ya kulia ikatoa matone meusi ya kulowesha kidole, uchafu wa zamani ule ule wa kabla hujaishika. Hakuna oili mpya iliyowahi kuingia mle. Mguu mmoja ulijaza mpaka ukakosa nafasi ya kushuka, na mwingine uliuacha mtupu. Chupa zote mbili nimeziweka dirishani.

Mara tatu nimekuuliza swali la vikombe vyako vya oili. Ungenijibu Februari, ningemimina iliyozidi kwa mikono yangu hii ya jembe, na Enesi angekuwa anafundisha darasa la pili.

Sikuulizi tena.

Damiano


Tunduma,
16 Juni 2024

Damiano mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Sina habari za kwangu za kukupa.

Hii nimeiandika na kuichana mara nne. Nitasema yote.

Siku ile nilikuwa nimezisimamisha shokapu zote mbili ukutani, zimekwisha kufutwa kwa nje, zinafanana. Unajua mimi napima kwa kikombe changu cha bati, viwili kila mguu, sijawahi kutumia kipimo cha vitabu na sijawahi kukosea. Nikaweka viwili kwenye mmoja. Akaja dereva wa lori, limezima kwenye foleni ya mpaka na wenzake wanampigia honi, nikaenda. Nilirudi baada ya saa nzima. Kuna mtu alikuwa amezisogeza apate pa kuketi, wewe ulikuwa umekwenda kula. Nikachukua ule niliodhani haujawekwa, nikamimina. Kikombe cha pili hakikuisha, oili ilifika karibu na mdomo. Nikashangaa. Nikasema labda ule mwingine ulinywa zaidi, nikafunga.

Lakini Damiano, wakati wa kuzirudisha kwenye pikipiki nilizishika moja mkono huu na moja mkono huu, na moja ilikuwa nzito. Nilijua pale pale. Amri muuza vipuri alikuwa amekaa kwenye benchi na wateja wake wawili, na nilikuwa nimetoka kuwaambia kwamba toka mjini Mpemba mpaka hapa hakuna mkono kama wangu. Ingenibidi nianze kufungua upya mbele yao. Nikaona aibu. Nikasema itakwenda tu, sili itatoa kilichozidi. Nikaibonyeza mbele yako polepole, isifike pale inapogota.

Uliponiandikia mara ya kwanza bado ningeweza kusema. Nikaona utaniona mpumbavu. Mara ya pili nikaona nimechelewa. Kila barua yako ilikuja na swali lile lile, na mimi nikakupa ushauri mzuri wa mambo mengine yote. Kwa wakwe zako nilidhamiria kusema kweli mpaka nilipovua kofia. Halafu nikafikiria kibao changu, na maneno yanavyosafiri na Fuso, na mdomo ukasema yale.

Nimefanya dhambi. Nakuomba unisamehe kama ndugu yangu wa tumbo moja. Na nakuomba, kwa jina la Baba, karatasi hii usimwonyeshe mtu. Nina watoto wanne wanaokula kwa spana hizi.

Lusubilo


Ibaba,
14 Julai 2024

Kaka,

Shikamoo. Safari hii naitoa mwenyewe, hakuna aliyenisimamia. Ukifika mwisho utaona kwamba sina tena haki ya kukunyima.

Mama anaendelea. Baridi ya mwezi huu imeunguza maharage yote ya upande wa juu.

Uliniomba karatasi yako nisimwonyeshe mtu. Nimemwonyesha. Sikulala nikifikiri watoto wako wanne, usidhani nilifanya kwa urahisi, lakini nilikuwa na mke mmoja na nilitaka arudi. Nilikwenda Ikinga Jumatano kwa miguu, nikiwa nimeiweka mfukoni mwa shati. Njiani nilikuwa karibu kuimba. Nilijua akishaisoma yamekwisha, nitasimama nimenyooka mbele ya baba yake, na wiki hiyo hiyo nitaomba gari la mtu nimrudishe.

Enesi aliisoma mwenyewe, mara mbili, kama anavyosahihisha daftari. Sasa anatembea kwa magongo mawili. Baba yake alikuwepo. Enesi alipomaliza akaikunja, akanirudishia.

Akasema, “Kaka yako alikosea siku moja, halafu akaogopa miezi sita. Huyo namwelewa, watoto wangu darasani wako hivyo hivyo. Wewe ndiye sikuelewi. Wewe uliiona ile oili. Kila asubuhi ulikuwa unachuchumaa unaifuta, mimi nimesimama pembeni na mkoba wangu, ukimaliza unaniambia panda.”

Nikasema nilikuwa nasubiri jibu lako wewe, kaka.

“Nilikuambia twende Mlowo,” akasema. “Ulijua pikipiki mbovu. Uliogopa kaka yako asiaibike kwa fundi mwingine, basi ukaona heri nipande hivyo hivyo. Na hapa ukweni uliogopa asiaibike tena, ukaangalia mkeka. Mara mbili umechagua, Damiano. Huyo Lusubilo hakunipakia mimi.”

Nikairudisha karatasi yako mfukoni.

Mzee Alinanuswe hakunikaripia. Walinipa chai, wakanipa na ndizi za kuchemsha, nikala. Halafu akavaa viatu akanisindikiza hadi barabarani, akanishukuru kwa kuja kumwona mgonjwa, akanitakia safari njema. Alinisemesha vizuri sana, kama anavyosemeshwa mgeni, hakuniita tena mkwe.

Usije kunisemea tena. Huko Ikinga hakuna anayeuliza kitu.

Mdogo wako,
Damiano